Kifuko cha Maji Katika Kongosho: Kukichunga au Kukipasua

Mazungumzo na wamama siku ya klinika

Sogeeni karibu, wale wa nyuma nao wasikie. Mwenye kunyonyesha anyonyeshe tu, hapana haya.

Leo hatutasema juu ya malaria, wala juu ya chanjo, wala juu ya uji wa soya. Hayo munayajua, na juma lijalo tutayarudilia. Leo tutasema juu ya ugonjwa ambao wengi kati yenu hamujasikia jina lake. Sababu ni hii.

Mama mmoja alikuja hapa kutazamwa mimba. Ilikuwa mimba ya tano, ya miezi minne. Muuguzi alipitisha mashini ya ekografi juu ya tumbo, mtoto akaonekana mzuri, moyo unapiga. Lakini mama akasema: "Mimi niko na kitu kizito huku juu, chini ya mbavu za kushoto." Daktari akapandisha mashini huko. Akaona kifuko cha maji, kikubwa kama ndimu, nyuma ya tumbo la chakula.

Aliporudi kijijini maneno yakawa mengi. Mmoja alisema: "Ni sumu." Mwingine: "Amelogwa na mke mwenzake." Mwingine: "Ni pacha, amepotea njia." Bibi mmoja alikuja na wembe, apate kumchanja. Mama yule aliogopa, akakaa miezi mitatu bila kurudi klinika. Mwisho wa habari yake nitawaambia nyuma. Kwanza tujifunze, ili kama neno hili likimpata mmoja wetu, asipoteze miezi mitatu.

KONGOSHO NI NINI?

Munapochinja mbuzi, munaona tumbo, maini, figo, matumbo. Nyuma ya tumbo la chakula kuko kinyama kirefu, laini, chenye rangi kati ya nyeupe na nyekundu. Hiyo ndiyo kongosho. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 15, sawa na kiganja cha mkono pamoja na vidole. Imelala kwa mapana mbele ya uti wa mgongo. Kichwa chake kiko upande wa kuume, kinashikamana na mwanzo wa matumbo. Mkia wake unaelekea upande wa kushoto, mpaka karibu na wengu, ule wengine wanauita bandama.

Kongosho inafanya kazi mbili. Ya kwanza, inatengeneza maji ya kuvunja chakula: mafuta ya mawese, nyama, maharage, ugali. Maji hayo yanapita katika mfereji mdogo mpaka ndani ya matumbo. Ya pili, inatia insulini katika damu. Insulini ndiyo inayopima sukari ya mwili. Tangu mwaka 1921, insulini ilipovumbuliwa kule Kanada, watu wengi wenye ugonjwa wa sukari wameponyoka kifo.

Mushike neno moja tena: njia ya nyongo, kutoka maini mpaka matumbo, inapita katika kichwa cha kongosho. Kitu kikikua pale na kubana njia ile, nyongo inarudi nyuma, na macho yanakuwa ya manjano.

VIFUKO SI VYA NAMNA MOJA

Mukisikia "kifuko cha maji", musiseme mara moja "kansa". Hapana. Vifuko vingi katika kongosho havigeuki kuwa kansa hata siku moja. Watu wengi, zaidi wazee, wanavyo bila kujua, havina maumivu. Vinaonekana tu kwa sababu mtu amepigwa picha juu ya neno lingine. Lakini inafaa kujua kifuko chako ni cha namna gani.

Namna ya kwanza inatoka kwa jeraha. Kongosho ikivimba kwa ukali, maji yake yanavuja na kukusanyika kando. Pombe kali kama lutuku inaweza kuleta hiyo, na mawe ya nyongo pia. Hata mtoto aliyeanguka na usukani wa kinga (baiskeli) ukampiga tumboni anaweza kuipata. Kifuko hiki hakigeuki kansa. Mara nyingi kinakauka chenyewe. Kikileta taabu, daktari anatoa maji.

Namna ya pili ina maji mepesi, na ndani inafanana na sega la nyuki, vyumba vidogo vidogo. Hii nayo karibu haigeuki kamwe kuwa mbaya. Kama haiumizi, inaachwa.

Namna ya tatu ina maji mazito, ya kunata, kama bamia iliyopikwa, ile dongodongo. Hapa mufungue masikio, wamama. Kifuko hiki karibu kila mara kinapata wanawake. Hupata zaidi mama wa miaka 40 mpaka 60, lakini na mwanamke kijana anaweza kukipata. Kinakaa zaidi katikati ya kongosho au katika mkia wake. Leo si kansa. Lakini miaka ikipita kinaweza kuwa kansa.

Namna ya nne inatoka katika mfereji wenyewe wa kongosho au katika vijito vyake. Nayo ina maji ya kunata. Inapata wanaume na wanawake, zaidi wenye miaka mingi. Ikiwa katika kijito kidogo, hatari si nyingi. Ikiwa mfereji mkubwa wenyewe umepanuka, hatari ni kubwa.

Kuko na namna ya tano, si nyingi, inayopata wasichana na wanawake vijana: uvimbe wenye nyama na maji pamoja. Huu waganga wanauondoa, na mara nyingi sana mgonjwa anapona kabisa.

Mumeona sasa? Mbili za kwanza hazina neno la kansa. Zile nyingine inafaa kuchunga au kupasua. Na jicho la jirani haliwezi kuzitenganisha, wala wembe wa bibi.

KUCHUNGA MAANA YAKE NINI?

Wale wanaosoma Injili wanajua mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka kuukata. Mtunzaji akamwomba auache mwaka mmoja, aupalilie na kuutilia mbolea, kisha watazame tena. Hakusema "tuuache tusahau". Alisema watatazama. Kuchunga kifuko ni vile. Hatukati kila mti, lakini hatuachi mti bila kurudi kuutazama.

Hospitali yetu ina ekografi. Inaonyesha kama kuko kifuko, na inapima ukubwa. Lakini kongosho imejificha nyuma, na hewa ya matumbo inaficha mengi. Kwa hiyo tunatuma mgonjwa katika mji mkubwa kwa picha ya skaneri, ao ya mashini ya sumaku inayoitwa IRM. Kuko hospitali nyingine zenye mpira mwembamba unaopita kinywani mpaka tumbo la chakula, wenye ekografi kwa ncha yake. Huo unaona karibu sana, na unaweza kuvuta maji kidogo kwa sindano ili yapimwe.

Mwaka 2024 waganga wa nchi nyingi walitoa maongozi mapya, waliyoyapanga katika mkutano wa Kyoto, inchi ya Japani. Yanahusu zile za namna ya nne, zenye kutoka katika vijito vya mfereji. Wanasema hivi: kifuko kisichofika sentimita 2, na kisicho na alama mbaya, kitazamwe nyuma ya miezi 6, na kama hakikubadilika, kila miezi 18. Chenye sentimita 2 mpaka 3, kitazamwe mara mbili kwa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Kilichofika sentimita 3, kila miezi 6. Daktari wako atakupa tarehe yako kufuatana na hali yako.

Najua munavyowaza: "Sina maumivu, nirudie nini? Nauli ni ghali, shamba linaningoja." Mama yangu, kansa ya kongosho ni mwizi asiyegonga mlango. Maumivu yakifika, mara nyingi imekwisha kuingia ndani sana. Faida ya kuchunga ni kuona mwizi angali barabarani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kongosho, ukuta wake ni vigumu kuujenga.

Chunga karatasi zako zote, pamoja na picha, katika mfuko mmoja, mbali na mvua na panya. Daktari hawezi kujua kama kifuko kimekua kama haoni picha ya mwaka uliopita.

ALAMA ZA KURUDI BILA KUNGOJA TAREHE

Rudi siku ile ile ukiona moja ya hizi:

Macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai kavu, na choo cheupe kama ule udongo wamama wanatafuna wakati wa mimba.

Maumivu makali juu ya kitovu, yanayopita mpaka mgongoni, pamoja na kutapika.

Kukonda bila sababu, ao chakula kukushinda.

Ugonjwa wa sukari unaoanza kwa gafula: kiu nyingi, mkojo mara kwa mara.

WAKATI WA KUPASUA

Daktari hapasui kongosho kwa haraka. Anapasua akiona hatari ya kuacha inapita hatari ya kisu. Alama zenye nguvu ni hizi: macho ya manjano kwa sababu kifuko kinabana njia ya nyongo, nyama inayoota ndani ya kifuko, mfereji mkubwa uliopanuka mpaka milimita 10. Kifuko kinachokua haraka kinatia mashaka pia.

Kwa ile namna ya tatu, ya wanawake, waganga wengi wanakiondoa kikifika sentimita 4, au kikiumiza, au kikiwa na nyama ndani. Wengine wanakiondoa mapema kwa mama aliye kijana na mwenye nguvu, sababu miaka ya kukichunga itakuwa mingi.

Mtauliza: "Kwa nini wasitoboe tu na sindano, maji yatoke?" Maji si adui. Adui ni ukuta wa kifuko. Ukuta ndio unaotengeneza maji, na katika ukuta ndimo kansa inaanza. Ukiteka maji ya kisima, kisima kinajaa tena.

Kifuko kikiwa mkiani, wanaondoa mkia wa kongosho. Kwa sababu mishipa ya wengu inashikamana na mkia, mara nyingine wengu unatoka nao. Kikiwa kichwani, kazi ni kubwa zaidi: wanaondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa matumbo, kibofu cha nyongo na sehemu ya njia yake, kisha wanaunganisha upya. Operasio hiyo ni ya saa nyingi. Hatuifanyi hapa, wala haifai kufanywa mahali popote. Katika hospitali kubwa zinazoifanya mara nyingi, wanaokufa hawafiki 5 kwa watu 100. Mahali inapofanywa mara chache, wanaokufa ni wengi zaidi. Kwa hiyo tukikutuma mbali, usiseme tumekukataa. Tunakutafutia mkono uliozoea.

Nyuma ya operasio, maji ya kongosho yanaweza kuvuja. Kwa hiyo wanaacha mpira mdogo kando ya tumbo, unaotoa maji nje. Usiuvute, hata ukikuchosha. Wengine wanapata ugonjwa wa sukari, sababu kongosho imepunguka. Wengine choo chao kinakuwa cha mafuta, wanakonda, na wanapewa vidonge vya kusaidia kuvunja chakula, wavimeze pamoja na chakula.

Kile kilichotolewa kinapelekwa kutazamwa kwa darubini. Kama ni kifuko cha namna ya tatu, na kansa haijaingia, na kimetoka chote, mama amepona. Hana haja tena ya kuchunga kongosho. Lakini kama ni cha mfereji, kongosho iliyobaki inafaa kutazamwa, sababu kingine kinaweza kuota.

MAMA ASIYE NA WENGU

Nasimama hapa kidogo, sababu tunakaa katika inchi ya malaria. Munajua wengu: mtoto wa malaria nyingi, tumbo lake linavimba upande wa kushoto. Ni wengu unaopigana. Wengu ni askari. Unakamata vijidudu katika damu.

Mtu anaweza kuishi bila wengu, na kuishi vizuri. Lakini askari mmoja hayuko tena. Kwa hiyo kabla ya operasio, majuma 2 mbele ikiwezekana, mgonjwa apewe chanjo za kuzuia vijidudu vya mapafu na vya homa ya uti wa mgongo. Baadaye alale chini ya chandarua kila usiku. Na homa ikimshika, asingoje asubuhi, asinywe kwanza majani. Aje hospitali saa ile ile, hata usiku, na aseme mlangoni: "Mimi sina wengu." Maneno hayo yanaweza kuokoa maisha yake. Bwana na watoto wayajue pia.

KAMA MAMA ANA MIMBA

Kifuko cha namna ya tatu kinaweza kukua upesi wakati wa mimba. Ekografi haidhuru mtoto. Picha ya sumaku pia inaweza kutumika. Skaneri ya miale tunaiepuka tukiweza. Kama kifuko hakileti hatari, tunangoja mama azae, kisha kinaondolewa. Kama hakiwezi kungoja, miezi ya katikati, wa nne mpaka wa sita, ndiyo bora kwa operasio. Usitoe mimba kwa hofu, wala usifiche mimba kwa daktari.

MASWALI YA WAMAMA

"Ugonjwa huu unaambukiza?" Hapana. Kula naye, lala naye, mnyonyeshe mtoto.

"Ni ulozi?" Kifuko kimeota ndani ya nyama ya mwili, kama vile fibrome inavyoota ndani ya tumbo la uzazi. Hakuna mtu aliyekitupa. Ukimshitaki mke mwenzako, utakuwa na magonjwa mawili: la kongosho na la nyumba.

"Dawa ya miti inaweza kukiyeyusha?" Hakuna dawa, ya miti wala ya famasi, ya kumeza inayoondoa vifuko hivi. Na kuchanja tumbo kunaleta vidonda na damu chafu.

"Nifanye nini kwa kujikinga?" Acha tumbako. Acha lutuku. Kama ndugu wawili wa nyumba yenu walikufa kwa kansa ya kongosho, mwambie daktari.

"Bwana anakataa kutoa feza." Njoo naye. Daktari atamwonyesha picha. Waume wengi wakiona kwa macho, moyo unalegea. Wengine wana sanduku la kusaidiana katika kijiji au katika kanisa. Ingieni humo mukingali wazima, si siku ya ugonjwa.

"Nikipasuliwa nitazaa tena?" Kongosho si tumbo la uzazi. Unaweza kuzaa, lakini ngoja daktari akuruhusu.

MWISHO WA HABARI YA YULE MAMA

Alirudi mimba ikiwa ya miezi saba. Shemeji yake, mwalimu, ndiye aliyemleta. Kifuko kilikuwa kimekua, lakini macho yake yalikuwa meupe, na hakikubana kitu. Tulimtazama kila majuma mawili. Alizaa mtoto wa kike, kilo 3, akalia kwa nguvu. Nyuma ya miezi miwili alipewa chanjo, akatumwa mjini. Jamaa waliuza ng'ombe mmoja, na wakristo wakachanga nauli. Wakatoa mkia wa kongosho pamoja na wengu. Darubini ikaonyesha kwamba chembe za ukuta zilikuwa zimeanza kugeuka, lakini kansa ilikuwa haijafika. Ingekuwa miaka michache tena, labda tungesimulia habari nyingine.

Leo analima. Mara mbili homa imemshika, na mara mbili alikuja usiku, amebebwa na kijana wake juu ya kinga, akisema mlangoni: "Mimi sina wengu."

Kuko na mwingine, mama mzee, mwenye kifuko cha sentimita 1. Yeye alilia apasuliwe. Tulimkataza. Ameonekana mara nne sasa, na kifuko kiko vile vile. Kila mara anatuletea mayai, anasema: "Mtini wangu ungali umesimama." Yeye kisu hakimfai. Kumtazama kunatosha.

Na kuko na wa tatu. Yeye alipewa tarehe, akapoteza karatasi, akasema hana maumivu. Alirudi nyuma ya miaka mitano, macho manjano kama binzari. Daktari wa mjini alifungua tumbo, akafunga. Tulimpa dawa za maumivu na tukamwombea. Watoto wake tunawapima hapa klinika, na dada yake ndiye anayewaleta.

Wamama, wote watatu walikuwa na ugonjwa wa jamaa moja. Walichotofautiana ni kurudi.

MUSHIKE HAYA

1. Kifuko cha kongosho si kansa. Aina nyingine tu ndizo zinaweza kugeuka.
2. Si kila kifuko kinapasuliwa, lakini kila kifuko kijulikane ni cha namna gani.
3. Shika tarehe yako, chunga picha zako.
4. Macho ya manjano, rudi leo.
5. Asiye na wengu, homa yake ni mbio hospitali.

Sasa simameni, tuombe kwa ajili ya wagonjwa waliomo vyumbani. Kisha wenye mimba wapite kwa kilo, na watoto wapite kwa chanjo. Na yule anayesikia kitu kizito chini ya mbavu, asione haya. Aniambie kando kabla ya kwenda nyumbani.